Naomba ushauri: anayefikiri kwa mantiki tumwiteje?

Salaam wapenzi wa Kiswahili. Hapa Tanga tunaandaa orodha ya maneno kwa ajili ya midahalo ya sekondari, na tumekwama.

Kikwazo kikubwa ni "hoja". Neno moja linabeba jambo linalowasilishwa bungeni, sababu moja ya mzungumzaji, na mlolongo mzima kuanzia sababu hadi hitimisho. Mwanafunzi akiambiwa "hoja yako ni mbovu", hajui arekebishe wapi. Tazameni mfano huu wa samaki aitwaye changu: "Samaki wote huruka. Changu ni samaki. Kwa hiyo changu huruka." Mfuatano hauna kasoro, hitimisho linatoka palepale kwenye madai, kilichoharibika ni dai la kwanza. Tukisema "si sahihi" tumechanganya makosa mawili. Tunafikiria "dai tangulizi" kwa sentensi za mwanzo, na "fuatani" kwa mlolongo usio na ufa. Je, linakaa vizuri mdomoni?

Kuhusu watu: "mwanamantiki" ni mtaalamu wa fani, kama mwanahisabati. "Mwerevu" haitoshi, na "mjanja" inanuka hila. Mimi naegemea "mtu wa hoja", ingawa "razini" nayo ni nzuri mno kuachwa ife. Ila inagusa utulivu wa akili kuliko ufundi wa kujenga sababu.

Wenye neno bora, hasa la lahaja za Mrima, tafadhali leteni pamoja na sentensi ya mfano.