"One of the challenge" au "one of the challenges"? Na kitenzi kifuate nini?

Mhariri_Kijiweni:
Habari za humu, wakuu. Naomba ufafanuzi wa kirai hiki cha Kiingereza, "one of the...". Ninahariri ripoti ya mradi wa maji na humo ndani kimeandikwa kila namna. Nanakili sentensi kama zilivyo:

1. One of the major challenge facing the village is lack of spare parts.
2. One of the pumps are not working.
3. One of the equipments was stolen.
4. She is one of the technicians who repairs the pumps.

Ya kwanza nahisi ina kasoro, ya pili sina hakika, na mbili za mwisho zimenishinda kabisa. Kuna kanuni moja ya kushika, au kila sentensi ina lake?

Kalamu Nyekundu:
Mkuu, kanuni ni moja ila ina pande mbili, na wengi hushika upande mmoja wakaacha wa pili. Nomino inayofuata "of" huwa ya wingi, kwa sababu unachomoa kimoja kutoka kwenye kundi. Kitenzi huwa cha umoja, kwa sababu kiima ni "one", si kundi.

Kwa hiyo ya kwanza imekosa s tu: "One of the major challenges facing the village is lack of spare parts." Ya pili nomino iko sawa, kitenzi ndicho kimeteleza: "One of the pumps is not working." Mwandishi ameona "pumps" imekaa jirani na kitenzi akavipatanisha. Ukipata shaka, funika kwa kidole kuanzia "of" hadi kabla ya kitenzi, kisha soma kinachobaki: "One... is not working." Hakuna atakayesoma "One are".

Kuna jambo la tatu ambalo halimo kwenye sentensi zako, lakini chunga lisiwe limejificha kurasa za ndani. Baina ya "of" na nomino lazima pawe na kibainishi: the, my, our, these, those, au jina la mwenye kitu, kama "the village's". "One of villagers" ni kosa, sema "one of the villagers". Na kimoja kinatosha, usirundike viwili kama "one of the our pumps". Viwakilishi peke yake ndivyo visivyohitaji kitu: "one of them", "one of us".

Sehemu hatari zaidi ni pale vivumishi vinaporefuka. "One of the most serious and long-standing problem" humpita hata mtu anayeijua kanuni, maana hadi afike kwenye nomino ameshasahau alianza na nini.

Babu Ngeli:
Niongeze hapo kwa Kalamu. Watu hupenda kusema mpangilio wa Kiswahili ndio unaotuharibia hapa, na mimi sikubali. Tunasema "mmoja wa walimu amefika": walimu wingi, amefika umoja. Mpangilio ni uleule wa Kiingereza.

Kinachotuponza ni ngeli ya I-ZI. Sababu, changamoto, njia, pampu, shule: hayo yote hayabadiliki umbo. Ukisema "moja ya changamoto ni...", neno changamoto halikuonyeshi kama ziko moja au kumi. Mtu akivuka kwenda Kiingereza analibeba likiwa tupu vilevile, na ndipo "one of the challenge" na "one of the reason" zinapozaliwa. Dawa: kichwani badilisha neno hilo kwa lenye umbo la wingi linaloonekana. Badala ya changamoto weka matatizo, "mojawapo ya matatizo". Ukishalisikia hilo ma-, s haitakutoroka.

Sasa ya nne. Isome kwa Kiswahili: "Ni mmoja wa mafundi wanaotengeneza pampu." Umesema wanaotengeneza, hukusema anayetengeneza, kwa sababu kirejeshi kinawashika mafundi. Kiingereza nacho ni hivyohivyo: "one of the technicians who repair the pumps", bila s.

Lakini ukiweka "only" mambo yanageuka: "She is the only one of the technicians who repairs the pumps." Yaani ndiye pekee kati ya mafundi anayetengeneza pampu. Wengine hawatengenezi, kwa hiyo kitenzi kinamfuata yeye. Kiambishi cha Kiswahili kinakuonyesha wazi kile ambacho Kiingereza kinakificha kwenye herufi moja, kwa hiyo kitumie kama kipimo.

Na vitenzi viwili vinaweza kukutana kwenye sentensi moja, kila kimoja na bwana wake: "One of the technicians who repair the pumps is on leave." Repair ni ya mafundi, is ni ya "one".

Dada wa Tafsiri:
Babu, shikamoo. Naafiki, ila kwenye ya nne tusikaze kamba hadi ikatike. Wenye Kiingereza chao wenyewe husema na kuandika "one of those people who never listens", na wapo wataalamu wa sarufi wanaoikubali, hasa mkazo ukiwa kwa yule mmoja anayezungumzwa. Kwa ripoti rasmi au chumba cha mtihani ningeandika wingi, maana hakuna atakayeupinga. Kwenye mahojiano yaliyonukuliwa ningeacha kama msemaji alivyosema.

Ya tatu ina ugonjwa tofauti. "Equipment" haihesabiki, haina s popote, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye kalibu hii. Ukiiondoa s ukaandika "one of the equipment", bado ni kosa, kwa sababu "one of" inadai vitu vinavyohesabika. Njia ya kisarufi ni "one of the pieces of equipment" au kwa kifupi "a piece of equipment was stolen". Njia bora kwa ripoti ni kukitaja kifaa chenyewe: "One of the generators was stolen." Anayesoma ripoti ya wizi anataka kujua kimeibwa nini.

Ukoo huo una furniture, luggage, information, evidence na advice. "One of the advices" usiitafutie kiraka, andika upya: "One of the things he advised was..."

Halafu kuna "staff" na "crew", ambazo huwapoteza watu upande wa pili. "One of the staff" bila s ni sahihi, kwa kuwa neno lenyewe limebeba watu wengi, ilhali "one of the staffs" kwa maana ya mfanyakazi mmoja ni kosa. "One of the people" pia sahihi, people ni wingi tayari. Ukiongeza s ikawa peoples, umeshahamia kwenye makabila na mataifa.

Mhariri_Kijiweni:
Asanteni sana, nimeelewa. Babu, marahaba ya Dada anaisubiri. Imejitokeza nyingine, tena ukurasa wa kwanza kabisa: "This is one of the best if not the best water scheme in the district." Hapo scheme au schemes?

Babu Ngeli:
Marahaba, Dada. Mkuu, hilo nawaachia vijana.

Kalamu Nyekundu:
Yoyote utakayoweka itamdhulumu mmoja. "One of the best" inataka schemes, "the best" inataka scheme, na umeziwekea nomino moja wagombanie. Imalize ya kwanza kwanza, ndipo ulete ya pili: "This is one of the best water schemes in the district, if not the best." Nomino imekaa na mwenyewe, ya pili inaeleweka bila kurudiwa.

Ukiwa bado na ripoti mkononi, kagua na jamaa zake. "Each of the pumps" na "every one of the pumps" hufuata kanuni hiihii: nomino wingi, kitenzi umoja. "More than one pump has broken down" kitenzi ni cha umoja, na nomino pia, ingawa maana ni pampu mbili au zaidi. "A number of pumps have failed" ni wingi, lakini "the number of pumps has increased" ni umoja, kwa kuwa hapo kinachozungumzwa ni idadi yenyewe. "Most of" na "half of" hazina msimamo, hutazama nomino: "most of the water is lost", "most of the pipes are old".

Dada wa Tafsiri:
Na usiiachie kompyuta ikukagulie. Kikagua tahajia hakitaona kosa kwenye "one of the pumps are", maana kila neno limeandikwa sahihi. Bonyeza Ctrl na F, tafuta "one of", na kila itakapotokea angalia kibainishi, kisha s, kisha kitenzi. Halafu rudia kutafuta "equipments", "informations", "furnitures" na "staffs", kila moja kivyake. Kama imo moja, nyingine hazipo mbali.