Tuliuziwa vilima vya Merzouga, tukalazwa kando ya barabara Zagora

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaificha, kwa sababu fedha tulizolipa zilikuwa akiba ya miaka miwili na safari yenyewe ilikuwa zawadi kwa mama mkwe wangu, mama wa miaka 63 ambaye tangu ujana wake alitamani kuliona jangwa la Sahara kabla magoti hayajachoka. Mwezi Januari mwaka huu mimi, mke wangu na mama tulikuwa Marrakech, nchini Moroko, na kwa wakala mmoja wa utalii tulinunua safari ya siku mbili na usiku mmoja: kupanda ngamia hadi katikati ya vilima vya mchanga vya Erg Chebbi, kule Merzouga, kulitazama jua likitua tukiwa juu ya mchanga, kulala katika mahema na kurudi kesho yake. Bei ilikuwa dirham 1,100 kwa kila mtu. Tulitoa arubuni ya nusu, iliyobaki tukamaliza asubuhi ya safari, na stakabadhi ninayo hadi leo, imeandikwa Merzouga kwa herufi kubwa.

Jambo ambalo sikulijua siku ile, na ambalo wakala alilijua vizuri kabisa, ni kwamba safari aliyotuuzia karibu haiwezekani. Kutoka Marrakech hadi Merzouga ni takriban kilomita 560, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni milima. Gari hupanda milima ya Atlasi hadi kwenye njia ya Tizi n'Tichka, mita 2,260 juu ya usawa wa bahari, kwa kona ambazo zilimtapisha mke wangu mara mbili, kisha huteremka hadi Ouarzazate, na kutoka hapo bado kuna nusu ya safari na zaidi. Ni saa tisa au kumi za kuendesha bila kuhesabu kupumzika. Ndiyo maana mawakala waaminifu huuza Merzouga kwa siku tatu, na abiria hulala usiku wa kwanza njiani, katika bonde la Dadès au karibu na korongo la Todra. Anayekuahidi kwenda na kurudi kwa siku mbili, mara nyingi anajua tangu mwanzo kwamba hatakufikisha.

Tuligundua pale Ouarzazate. Barabara hugawanyika hapo: moja huelekea mashariki, upande wa Merzouga na mpaka wa Algeria, na nyingine hushuka kusini kufuata bonde la mto Draa hadi Zagora. Nilikuwa nimeifungua ramani kwenye simu, nikaona gari likikata kusini. Nilipomuuliza dereva alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye ameagizwa Zagora na kwamba kila wiki hupeleka Zagora watu wanaoulizia Merzouga. Dereva simlaumu. Kwa msomaji wa nyumbani, hii ni sawa na kukata tiketi ya Arusha, basi likafika Chalinze na kunyoosha kwenda Morogoro, na kondakta akakutaka utulie kwa kuwa kote ni Tanzania.

Zagora ni mji wenye heshima yake, wenye mashamba ya mitende na historia ya misafara ya kwenda Timbuktu, na sina neno baya juu ya watu wake. Lakini vilima vya Erg Chebbi, vile vya rangi ya machungwa ambavyo picha zake zilibandikwa ukutani katika ofisi ya wakala, hufikia urefu wa mita 150 hivi. Pale tulipopelekwa ni uwanda wa kokoto na vichaka, wenye matuta ya mchanga ambayo kubwa kuliko yote halikupita paa la nyumba ya kawaida. Tulifika saa moja na nusu usiku. Jua tuliloahidiwa lilikuwa limetua tukiwa bado ndani ya gari.

Kisha tukaja kwa ngamia, na hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Ngamia anapoinuka hunyanyua miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo aliyeketi mgongoni husukumwa mbele kwa nguvu, halafu hurudishwa nyuma miguu ya mbele inaponyooka. Mpandaji huambiwa mapema aegemee nyuma na ashike upau wa chuma wa tandiko kwa mikono miwili. Hakuna aliyetuambia. Mama alitupwa kifudifudi juu ya ule upau gizani, akateguka kifundo cha mkono, na hadi leo akisonga ugali analalamika. Mwendo wenyewe, ambao katika maelezo ulikuwa saa moja na nusu, ulimalizika kwa dakika 25.

Asubuhi, kulipopambazuka, tuliona kile ambacho giza lilikuwa limetuficha. Tandiko la ngamia huizunguka nundu na kulalia pande zote mbili za mgongo, na mablanketi yaliyo chini yake yakikonda au kusogea, mbao huila ngozi. Ngamia aliyembeba mama alikuwa na kidonda kibichi kando ya nundu, kikubwa kama kiganja, na nzi walikuwa wamekijaa. Nilizungumza na kijana aliyeshika kamba kwa Kiarabu changu cha madrasa, ambacho alikielewa nusu, naye akajibu kwa kunionyesha vidole: kila jioni mnyama huyo hubeba watu, hapumzishwi. Mama alikataa kumpanda. Alitembea kwa miguu hadi kwenye gari, mkono umefungwa kwa kanga, na sisi tukamfuata.

Kuhusu usiku sitasema mengi. Chakula kilikuwa kizuri na wapishi walikuwa wakarimu. Mahema yalikuwa karibu na barabara kiasi kwamba taa za malori zilipita kwenye turubai hadi usiku wa manane, na kwa baridi ya Januari, ambayo jangwani hukaribia sifuri, kila mmoja alipewa blanketi moja jepesi. Mama alilala amevaa nguo zake zote.

Tuliporudi Marrakech nilikwenda ofisini na stakabadhi mkononi. Wakala aliniambia, mbele ya wateja wengine wawili waliokuwa wakihesabu fedha zao, kwamba jangwa ni jangwa. Nimemwandikia barua pepe tatu tangu wakati huo, nikidai tofauti ya bei na gharama ya hospitali, na hajajibu hata moja.

Naomba mambo mawili kwenu. Aliyewahi kurejeshewa fedha na wakala wa nchi ya nje baada ya kulipa kwa kadi anieleze alianzia wapi, benki au kwingineko, kwa sababu arubuni ililipwa kwa kadi na nusu ya pili taslimu. Na yeyote anayepanga safari hii, kabla hajatoa hata dirham moja, amtake wakala aandike kwenye stakabadhi jina la kijiji atakacholala na saa ya kufika. Kama ameambiwa ni Merzouga kwa siku mbili, aondoke humo ofisini.