Naomba ushauri: mwanafunzi mwenye uoni hafifu, darasa la nne

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha darasa la nne shule ya serikali, huku kijijini. Nina binti mwenye uoni hafifu. Kichwani yuko vizuri, ukimuuliza kwa mdomo hakosi, ila akiandika pua inakaribia kugusa daftari na mistari anairuka. Miwani alishapewa, haijasaidia sana. Nimemkalisha mbele, na maswali namwandikia kwa maka peni kwenye karatasi, ingawa kwa darasa lilivyofurika siwezi kila kipindi.

Najua NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) huandaa mitihani ya maandishi makubwa. Je, ili aipate kwenye upimaji wa darasa la nne, wakati wa usajili tuambatanishe nini? Na maumbo kwenye hisabati mnawafundishaje watoto kama huyu?