Nani aseme "samaki huyu ana plastiki"?

Wakuu, kuna mwenzetu ameandika kwamba darubini ya kawaida na jicho makini vinatosha kuhesabu maikroplastiki (vipande vidogo sana vya plastiki) ziwani, na kwamba kudai mashine za bei mbaya ni kuwaziba mdomo watafiti wa kwetu. Uchungu wake naujua, maana maabara nyingi hazina mashine hizo. Ila kwa hili nampinga.

Tazameni kisa cha Mwanza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulipasua sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni. Sangara 11 na sato 7 walikutwa na vipande vilivyodhaniwa ni plastiki. Vipande vilipopimwa kwa infraredi, mwanga unaoonyesha kitu kimetengenezwa na nini, wakathibitika kuwa na plastiki samaki wanne tu wa kila aina. Kutoka 18 hadi 8! Ile hesabu ya kwanza ingetangazwa redioni, mama muuza sangara angejitetea kwa lipi?

Mimi nimeshawahi kupima maji. Siku moja niliacha karatasi ya chujio, imelowa, tupu kabisa, kando ya kazi yangu. Jioni nikaitazama kwa darubini: nyuzi za buluu, rangi ileile ya sweta niliyovaa. Tangu siku hiyo navaa koti la pamba, na karatasi tupu haikosi mezani.

Sindano ya moto inasaidia, sikatai. Ukigusa uzi wa plastiki unajikunja au kuyeyuka. Lakini chembe ndogo kuliko punje ya chumvi utaigusaje bila kuipoteza? Tena hata mashine ina ukomo wake: darubini ya infraredi hushindwa chembe zikishuka chini ya mikromita 10 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ya Raman, inayotumia mwanga wa leza, hufika karibu na 1. Kwa hiyo "hatukuona" haina maana ya "hakuna", na viwanda visije vikajificha humo.

Ninachotaka ni kidogo. Anayetoa idadi aseme alianzia ukubwa gani, karatasi tupu ilikamata nyuzi ngapi, na vipande vingapi vilithibitishwa. Asiye na mashine atume hata sehemu ya vipande kwenye maabara yenye nayo, na vilivyobaki aviite "vinavyodhaniwa".

Mnaosema hilo linachelewesha kazi: mngekuwa nyie mnaouza samaki, hesabu ipi mngekubali ibandikwe sokoni?