Mnaochimba viwanja vya mpira na detekta hapa Uingereza, mnatuponza wote

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha. Uzi huu unawahusu ndugu zetu tunaoishi nao hapa England, Wabongo, Wakenya na wengine, ambao tangu waone zile video za watu wakiokota pete za dhahabu kwenye nyasi wamenunua detekta, zile mashine zinazolia zikigundua chuma au dhahabu ardhini, na sasa kila wikiendi wamo kwenye viwanja vya umma wanachimba. Wanatafuta sarafu, cheni, hereni, pete. Wakimaliza wanaondoka, mashimo wanatuachia sisi.

Kiwanja ninachokisemea ni cha halmashauri, na timu yetu ya jamii inakikodi msimu mzima. Asubuhi wanacheza watoto, mchana wakubwa. Jumapili iliyopita tulifika kufunga nyavu tukakuta goli la upande wa maegesho limetobolewa ovyo, kuanzia mstari wa goli mpaka nje ya kumi na nane. Mabonge ya nyasi yamerudishwa juu chini, mizizi inatazama mbinguni, udongo umesambazwa pembeni. Tukafukia tuliyoyaona. Lipo moja hatukuliona, karibu kabisa na alama ya penalti: upana wa sahani ya chai, kina cha kiganja, juu yake kimewekwa kipande cha nyasi kilichokwisha kunyauka. Aliyelichimba alijua fika kwamba halijajaa, akalifunika tu. Winga wetu wa timu ya watoto akakimbilia mpira, mguu ukazama mpaka kifundoni. Alivyolia sitaki hata kukumbuka. Mama yake anafanya kazi ya kutunza wazee, akakosa zamu yake ya usiku kwa sababu alikuwa amekaa hospitali na mtoto akisubiri picha ya mguu. Mfupa haukuvunjika, tunamshukuru Mungu, lakini mpira ndiyo basi kwa sasa.

Barua ya halmashauri imekuja kwetu. Si kwenu, kwetu, kwa sababu jina lililoko kwenye mkataba ni la timu. Wanataka gharama ya kurekebisha uwanja, na wanasema likitokea tena tunanyang'anywa. Hela hiyo ni michango ya wazazi. Kuna mtu hapo anatoa kwa kubana matumizi ya nyumbani, halafu iende kulipia mchanga na mbegu za nyasi kwa ajili ya starehe yako wewe?

Na msinijibu kwamba nina wivu. Mashine ninayo, na kazi hii naipenda sana. Ndiyo maana inaniuma. Anayejua kupima ardhi kwa detekta haachi alama. Ukipata mlio unauzungukia kwanza mpaka ujue kitu kiko wapi hasa, kisha unakata nyasi pande tatu, upande wa nne unauacha umeshika, unafunua kama unavyofunua jalada la daftari. Udongo unauweka kwenye kitambaa, hauumwagi kwenye nyasi. Unatafuta kwa kile kidetekta kidogo cha mkononi, unatoa kitu, unarudisha udongo wote, unafunika, unakanyaga. Mtu akipita baada yako asijue. Na kiangazi ardhi ikikauka unaacha kabisa, hata kama una kibali, kwa sababu mizizi iliyokatwa wakati huo haishiki tena, kile kipande kinakufa na kuacha kovu, mvua ikija udongo unatitia na shimo linarudi. Haya yote yanafundishwa, na mwongozo wa kutumia detekta kistaarabu kwa England na Wales upo tangu 2006, ukahuishwa 2017. Ni bure kusoma. Nyie mmeshika koleo la bustani mkaingia golini.

Halafu mnachopata ni nini? Semeni ukweli. Pete nyembamba ya dhahabu inalia karibu sawa na foili ya sigara na kile kifungulio cha kopo la soda. Kwa hiyo mwenye tamaa ya pete anachimba kila mlio wa takataka, na hapo ndipo uwanja unapoisha. Sarafu nazo: senti moja na senti mbili zimekuwa za chuma kilichopakwa shaba tangu 1992, senti tano na kumi zikageuzwa chuma mwaka 2012. Zikikaa ardhini zinaoza kutu. Pauni ya zamani ya duara, ambayo ndiyo mnaipiga picha kwa furaha, iliacha kutumika madukani Oktoba 2017. Madini halisi ya fedha kwenye sarafu za kawaida za Uingereza yaliondolewa 1947. Kwa hiyo mmeumiza mguu wa mtoto kwa pauni ambayo muuza duka haipokei.

Sasa sheria, maana wapo wanaojibu kwa kiburi kwamba "uwanja ni wa umma". Umma una ruhusa ya kucheza na kutembea. Kuchimba ni habari nyingine kabisa, na jambo hili mahakama ililimaliza zamani. Mwaka 1992 bwana mmoja aliingia na detekta kwenye bustani ya Farnham huko Surrey, mali ya halmashauri ya Waverley, akachimba karibu sentimita 23 akatoa bruchi (pini ya pambo ya kubania nguo) ya dhahabu ya Zama za Kati. Kesi ikaenda mbali. Mwanzoni alishinda, lakini mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikasema kitu kilichofukiwa ardhini haki yake iko kwa mwenye ardhi, na kwamba ruhusa ya kuja kujiburudisha haikumpa ruhusa ya kuchimba. Alipoanza kuchimba, akawa mvamizi. Bruchi ikaenda halmashauri. Yule aliibua kitu cha maana na akakipoteza, wewe na pauni yako ya duara unategemea nini? Na ukikuta kitu cha kale cha dhahabu au fedha kilichozidi miaka 300, Sheria ya Hazina ya 1996 inakupa siku 14 kukiripoti. Kukaa kimya ni kosa linaloweza kukupeleka jela miezi mitatu.

Kibali kinaombwa kwa maandishi. Baadhi ya halmashauri wanatoa, nyingine hawatoi kabisa. Ukinyimwa, nenda kwa mkulima mwenye shamba mkubaliane. Ndivyo tunavyofanya wengine.

Nije kwa lile lililonifanya nifungue uzi huu badala ya kunyamaza. Kuna ndugu yetu mmoja, simtaji, aliweka kwenye grupu la WhatsApp picha ya pete ya ndoa ya mwanamke aliyoitoa kwenye kiwanja hicho hicho, pembeni pale wazazi wanaposimama. Ndani ya pete mmechongwa majina mawili na tarehe ya harusi. Yanasomeka vizuri kabisa. Naye anauliza: "Wakuu, gramu ya dhahabu wananunua bei gani?" Watu wakampongeza! Mko watu wazima na ndoa zenu, mnampongeza mtu kwa kushika pete ya mke wa mtu yenye jina lake! Sheria ya Wizi ya 1968 ya hapa inakuokoa tu kama unaamini kwa dhati kwamba mwenyewe hawezi kupatikana kwa juhudi za kawaida. Mwenye pete yumkini anakuja pale kila wikiendi kumwangalia mwanawe akicheza. Karatasi moja kwenye ubao wa tangazo ingetosha kumpata. Ukiiuza umeiba, basi.

Na wengi wenu mna karatasi zinazosubiri. Fomu ya makazi ya kudumu inauliza makosa ya jinai, hata onyo la polisi unalitaja. Umelipa mwanasheria, umesubiri miaka, halafu uharibikiwe kwa pete ya kuokota?

Ndugu mwenye pete, picha umeifuta lakini wengi tuliihifadhi, mimi mmoja wao. Nakupa mpaka Ijumaa uilete kwa katibu wa timu, ataipeleka ofisi ya halmashauri na tangazo litabandikwa, jina lako halitatajwa. Ijumaa ikipita, mimi mwenyewe naipeleka ile picha halmashauri, pamoja na namba iliyoituma.