Msaada: filta ya MERV 13 kwenye fanesi ya zamani, nyumba ya mlimani Oakland

Mgeni_wa_Bay: Wakuu, habari za wikiendi. Tumehamia Oakland, California, huku juu milimani. Nyumba ni ya zamani, fanesi moja (tanuri la kupasha nyumba joto) inasukuma hewa vyumba vyote, filta yake ni ya inchi moja, MERV 8 (MERV ni kipimo cha filta: namba ikiwa kubwa, inanasa chembe ndogo zaidi). Msimu wa moto wa nyika unakaribia na mtoto ana pumu. Majirani bado wanasimulia Septemba 2020, anga ilivyogeuka rangi ya chungwa mchana kweupe. Fundi anataka kutuuzia mfumo mzima mpya. Nikiweka MERV 13 tu si inatosha? Na eti mlimani moshi haufiki?

Mzee_wa_Mabomba: Mkuu, tulia kwanza. Kwa moshi MERV 13 ndiyo yenyewe, ila ile ya inchi moja hewa inapenya kwa taabu. Feni ya zamani italemewa: vyumba vya mwisho vinakosa hewa, fanesi inapata joto mno na kujizima. Wekewa sanduku la filta ya inchi nne. Mikunjo yake ni mirefu, eneo la kuchuja ni kubwa, hewa inapita. Fundi apime shinikizo la hewa kabla na baada. Akikwepa kupima, mtafute mwingine.

BiMkubwa510: Swichi ya feni weka "On", usiache "Auto", la sivyo filta inachuja pale tu fanesi inapowaka. Na chumba cha mtoto kipe mashine yake ya kusafisha hewa yenye filta ya HEPA, inayonasa chembe ndogo sana, na isiyotoa ozoni, gesi inayoudhi mapafu. Soma CADR ya moshi, yaani kasi ya mashine kutoa hewa safi: chumba cha futi za mraba 150, isipungue 150.

Mgeni_wa_Bay: Asante mama. Ila mfuko umetoboka, nyumba imemaliza kila kitu 😅

Kijana_wa_Tanga: Tengeneza sanduku la Corsi-Rosenthal, kisafisha hewa cha kujitengenezea nyumbani. Filta nne za MERV 13, inchi 20 kwa 20, zisimamishe ziwe kuta, mishale iliyochapwa kwenye filta ielekee ndani. Chini kadibodi, juu feni ya mraba inayopuliza nje, ziba mianya kwa tepu. Feni iwe ya 2012 au baada ya hapo, plagi zake zina fyuzi. Usiiache ikiwaka nyumba ikiwa tupu.

Mzee_wa_Mabomba: Kuhusu mlima, wamekudanganya. Upepo wa Diablo unatoka bara na kushuka hapo hapo kwenu. Ndio uliochochea moto wa Oktoba 1991 ulioua watu 25. Filta ni ya moshi wa mbali. Mkiambiwa hameni, ondokeni.

Mgeni_wa_Bay: Nimeelewa mzee. Nafasi ya inchi nne ipo kando ya fanesi, Jumatatu nampigia fundi. Sanduku la kijana tunaanza nalo leo.