Mjadala: Mtengeneza sabuni ya maji naye asajiliwe kwa Mkemia Mkuu?

Mama Povu: Wakuu, sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003 inataka anayezalisha, kuagiza, kusafirisha, kuhifadhi au kuuza kemikali asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mimi nanunua salfonik (asidi ya kutengenezea sabuni), slesi ya kutoa povu na soda ash (magadi ya unga ya kupunguza asidi) Kariakoo, lita chache chache, nakoroga uani. Leo naambiwa niko kundi moja na mwenye makontena bandarini. Ni haki hiyo?

Kipimo: Haki kabisa. Kemikali haiangalii mfuko wa mtu. Tumezifulia hizo sabuni za Mbagala, vidole vinachubuka siku hiyo hiyo.

Mtoto wa Kizuiani: Sabuni za Mbagala? Mbagala imekukosea nini, kaka? Wanaokoroga sabuni wapo Tegeta, wapo Sinza, wapo Gongo la Mboto. Kila kibaya mnatubandikia sisi.

Kipimo: Nimesema nilikonunua. Ukiumia, umia.

Mtoto wa Kizuiani: Siumii, nimechoka. Mama yangu amesomesha watu watatu kwa ndoo za sabuni hapo Rangi Tatu. Ana alama ya ubora ya TBS, alipitia SIDO, shirika la viwanda vidogo. Mtaje kwa kazi yake, usimtaje kwa mtaa.

Fundi Slesi: Tusigombee mitaa. Kinachochubua ni salfonik ambayo asidi yake haikukatwa sawasawa na soda ash, ikabaki na ukali wa asidi. Au mtu kazidisha kostiki, ile soda kali inayounguza. Karatasi ya pH, ya kupimia ukali, inakuonyesha palepale. Mimi nasumbuliwa zaidi na fomalini inayotiwa ili sabuni isioze. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kwenye visababishi vya saratani tangu 2004, na bado watu wanaimimina kwa kukadiria na jicho.

Mama Povu: Dada, au kaka, mimi fomalini situmii. Nauza ndani ya wiki. Usitukusanye wote.

Nesi wa Zamu: Nami niseme lililonileta. Mtoto akinywa kostiki, mrija wa chakula unaungua, ukipona unabaki na makovu na kusinyaa, hata uji haupiti. Na msimtapishe, inaunguza tena ikirudi juu. Wengi huikuta kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina hata karatasi ya jina. Hizo chupa ndizo nazichukia kuliko kitu chochote.

Kipimo: Ndiyo maana nasema wasajiliwe!

Mama Povu: Nani anaitia kostiki kwenye chupa ya maji? Mwenye duka! Anafungua pipa lenye alama zote za hatari, ananipimia kwenye chupa iliyookotwa, jina la kemikali ananitajia kwa mdomo. Halafu anayefuatwa ni mimi.

Mtoto wa Kizuiani: Sasa hapo umesema. Mama yangu anaandika jina mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito akifika nyumbani.

Fundi Slesi: Mwenye duka tayari yumo kwenye sheria, anauza kemikali. Kwake ukaguzi ungekuta mapipa yote mahali pamoja.

Kipimo: Na sabuni yenyewe je? Nayo mnaitia kwenye chupa hizo hizo za maji.

Mama Povu: Chupa mpya inakula faida yote ya lita moja. Wateja wangu wanakuja na chupa zao.

Nesi wa Zamu: Basi mama, bandika hata karatasi ya daftari: SABUNI, USINYWE. Na anayekuja na chupa ya maji au ya soda, mrudishe akalete dumu.